Kipande cha Benchi

Benchi lilikuwa limekatwa.

Inspekta Mageni alisimama mlangoni mwa kilabu cha Mama Limi, kofia mkononi, vumbi la safari ya lori kutoka Isaka hadi Runzewe likiwa bado nyusini. Alitazama mahali ambapo benchi lingepaswa kuanzia, hapo karibu na mlango, akaona pengo. Nguzo moja iliyochimbiwa sakafuni ilikuwa imesimama peke yake bila kubeba kitu. Ncha ya ubao wa mninga ilikuwa mbichi, na unga wa msumeno ulikuwa bado chini.

"Nani kakata hili?"

"Fundi Ansgar, afande," alijibu Koplo Zipora, mkuu wa kituo kidogo cha Runzewe, kituo chenye chumba kimoja na redio moja. "Jumapili asubuhi, kabla ya maziko."

"Na wewe ukamwangalia tu?"

"Nilikuwa kituoni na mtuhumiwa, afande. Watu walikuwa nje na marungu. Ningetoka, mngemkuta ameshachomwa moto."

Mageni aliingia ndani. Lawama alikuwa nayo tele, ila haikuwa ya Zipora. Taarifa ya kifo ilifika Shinyanga Jumamosi. Lakini mwaka ule wa themanini na moja Landrova ya polisi ilikuwa imekaa juu ya mawe ikisubiri mafuta kama wananchi wengine. Yeye, mpelelezi wa mauaji, alikuwa amesafiri kwa treni, halafu kwa lori tupu la Vinod, mfanyabiashara wa Isaka aliyekuwa akisomba pamba. Alifika Jumanne, maiti iko chini ya udongo na benchi limekatwa.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Ijumaa alasiri, Otmar, balozi wa nyumba kumi na mpiga ngoma wa kwaya ya kanisani, alikunywa wanzuki, pombe ya asali, katika kilabu hiki pamoja na wenzake wa siku zote. Aliinuka, akashika tumbo, akaanguka. Mganga wa zahanati alimfikia akiwa anatoka povu, akasikia kinywani mwake harufu ya dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Wengine wote walikunywa mtungi huohuo, wakarudi makwao wazima.

Mpika pombe alikuwa Generosa, Mama Limi. Wiki hiyohiyo Otmar alikuwa amemsema mbele ya watu kwamba anauza pombe Jumapili kabla ya misa, na kwamba atahakikisha kilabu kinafungwa. Naye akamjibu, mbele ya watu haohao, kwamba atamkomesha. Chini ya kitanda chake lilikutwa kopo la dawa ya pamba. Kila nyumba Runzewe ilikuwa na kopo kama hilo, lakini nani alitaka kusikia hayo?

Fundi Ansgar aliletwa. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu chache na unga wa mbao masikioni. Mageni hakumpa nafasi ya kukaa.

"Umeharibu kidhibiti cha kesi ya mauaji. Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma, afande. Ni desturi yetu."

"Desturi ya kukata benchi?"

"Ya wana-benchi." Ansgar alikohoa. "Tulipohamishwa kule porini wakati wa Operesheni ya kuhamia vijijini, tuliletwa hapa watu saba kutoka kitongoji kimoja. Mninga huu niliukata mimi, nikapasua ubao, nikachonga benchi. Tukaapa kwamba mwenzetu akifa, mahali alipokalia kunywa kikombe chake cha mwisho tunapakata tunamzika napo. Asije mgeni akakalia nafasi ya marehemu wetu."

"Kwa hiyo mkifa wote?"

"Benchi litakuwa limekwisha, afande."

Alisema bila utani hata kidogo. Mageni alikuwa amekuja na hasira ya kumkamata mtu aliyeficha ushahidi, akajikuta amemshika mtu aliyetimiza ahadi. Wivu, chuki, tamaa, hivyo alijua namna ya kuvihoji. Uaminifu wa walevi ulimshinda.

"Na kopo alilonywea?"

"Tumemzika nalo. Si lilikuwa kwenye kipande chake? Limefungwa kwa waya kwenye msumari, chini ya ubao. Angalia na haya mengine."

Mageni alipiga magoti akachungulia. Ilikuwa kweli. Kila nafasi ilikuwa na msumari wake, na kila msumari kopo la bati lililofungwa kwa waya mrefu wa kutosha kufika mdomoni.

"Kwa nini mmeyafunga?"

"Makopo yameadimika, afande. Hata kwa Vinod hakuna. Yasipofungwa yanaondoka na watu."

"Kwa hiyo anayekaa hapa lazima anywee kopo la hapa."

"Hana jingine."

Mageni aliinuka, akapangusa magoti. Jambo la kwanza lilikuwa limejipa. Mtungi ulikuwa safi, sumu ilikuwa ndani ya kopo. Jambo hilo halikumsaidia Generosa, maana makopo aliyaosha yeye kila asubuhi. Wakili wa serikali angelikamata hilohilo akalipigia misumari, na mama wa watu angenyongwa.

Juu ya ubao kulikuwa na michoro, mmoja kila nafasi: jembe, nyota, msumeno, samaki, na mingine. Kule mwisho kabisa, ukutani, mbali na pengo, ilichongwa ngoma ndogo.

"Hizi ni nini?"

"Alama zetu za mizinga. Kila mtu huchonga alama yake kwenye mizinga yake ya nyuki, asiibiwe asali. Hapa pia kila mtu ana yake."

"Na kipande mlichozika kilikuwa na alama gani?"

Ansgar alijikuna shingo. "Ya marehemu, afande."

Alijibu upesi, na macho yake yakaenda nje.

Nyumbani kwa marehemu matanga yalikuwa bado. Theopista, mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake. Mageni alivua viatu, akachuchumaa mbali kidogo.

"Pole sana, mama. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa, baba."

Hakutaka kumsumbua. Alitaka kuuliza swali moja tu kisha aondoke, lakini swali lenyewe lilijijibu kabla hajafungua mdomo. Kando ya nyumba ilikuwa imepangwa mizinga mitupu ya magome, ikisubiri kupandishwa mitini. Kila mzinga ulichongwa ngoma.

Ngoma ilikuwa alama ya Otmar. Na ngoma ilikuwa bado ipo kilabuni, kwenye benchi, upande wa ukutani.

"Mama, mumeo alikuwa anakaa wapi kwenye lile benchi?"

"Ukutani. Alikuwa anapenda kuegemea." Theopista alifuta uso kwa kanga. "Fundi aliponiletea kile kipande nikaona kina upinde. Nikamwambia, baba, hiki si chake. Akaniambia nyamaza shemeji, ndicho alichokalia."

Wanawake wawili walikohoa kwa pamoja. Theopista akanyamaza.

"Upinde ni wa nani, mama?"

Bibi mmoja aliyekuwa pembeni alisema kwa Kisukuma, "Yaya," yaani hapana, akimwangalia Theopista na si Mageni. Maongezi yakawa yameishia hapo.

Hakuhitaji zaidi. Alipita nyumba kwa nyumba akiamkia watu na kutazama mizinga. Ya Ansgar ilikuwa na msumeno. Ya Maganga, mwenyekiti wa kijiji, ilikuwa na jembe. Mwisho wa njia, kwenye nyumba iliyofungwa milango mchana kweupe, alikuta mizinga yenye upinde.

Ilikuwa nyumba ya Kamili, mrina asali. Kamili alikuwa hai, na kijiji kizima kilikuwa kimezika nafasi yake.

Kabla ya kumwendea, Mageni alirudi kituoni kupiga redio Shinyanga. Aliomba kibali cha hakimu kufukua kaburi. Alieleza kuhusu waya, msumari, kopo na alama ya upinde. Redio ilikoroma, kisha sauti ya mkubwa wake ikaja.

"Mageni, unataka nimwendee hakimu nimwambie tunafukua maiti kwa ajili ya ubao?"

"Kopo liko humo pia, mzee. Litatuonyesha sumu ilikuwa kwenye nafasi ya nani."

"Na litatuonyesha nani kaitia?"

"Hapana, mzee. Hilo haliwezi."

"Mtuhumiwa unaye, ugomvi unao, dawa unayo. Mlete huyo mama kesho na lori la pamba. Kama una shahidi, mlete na shahidi. Ubao uache ulale."

Generosa alikuwa kwenye benchi jingine, lile la kituo, mikono magotini. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, na tangu akamatwe alikuwa akiuliza kitu kimoja tu, kama binti yake Limi amekula.

"Mama Limi, siku ile nani alikaa karibu na mlango?"

"Sikuangalia, afande. Nilikuwa na mtungi. Nilionja kwanza mbele yao, kama siku zote, nikawamiminia."

"Kulikuwa na mgeni?"

Alifikiri. "Alikuwepo mzee mmoja, mkwewe Kamili, kutoka Didia. Nilimpa kigoda pale mlangoni."

Mageni alisimama katikati ya chumba. Kigoda cha mgeni kilikuwa mlangoni. Nafasi ya mlangoni ilikuwa ya Kamili. Na mtu gani wa huku angekaa bega kwa bega na baba mkwe wake akalewa naye?

"Akabadilishana," alisema kwa sauti. "Kamili alimwonea haya mkwewe, akaenda ukutani kwa Otmar. Otmar akaja mlangoni."

"Sasa si angekufa Kamili?" aliuliza Generosa.

"Ndiyo maana yake, mama. Una ugomvi na Kamili?"

"Kamili? Ananiletea asali ya wanzuki miaka yote. Nikimuua Kamili nitapikia nini?"

Zipora alicheka bila kutaka. Generosa naye akatabasamu, na Mageni akafanya kosa ambalo mpelelezi wa miaka yake hakupaswa kulifanya. Alimhurumia, akampa tumaini.

"Nadhani nina shahidi, Mama Limi. Kesho kwenye lori tutakaa mimi, wewe na yeye. Usilie tena."

Kamili alifungua mlango baada ya kuitwa kwa jina la mwanawe mkubwa. Alikuwa mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakumkaribisha ndani wala hakumfukuza. Walikaa nyuma ya nyumba, kati ya mizinga.

"Najua Otmar alikalia nafasi yako," Mageni alianza.

"Kila mtu anajua, afande. Ndiyo maana hakuna anayenisalimia. Utamsalimia mtu aliyezikwa?"

"Hujazikwa. Uko hapa."

"Nafasi yangu iko chini na kopo langu liko chini. Wanaongojea ni mwili tu." Alisema kwa utulivu, kama mtu anayezungumzia mvua. "Mke wangu kaondoka na watoto. Mkwe wangu kawachukua."

"Nani anakutaka ufe?"

Kamili alichukua gome la mzinga akalichuna taratibu. Mageni alingoja. Kwa kazi yake alijua kuwa mtu akianza kuchuna kitu, neno liko karibu.

"Masika iliyopita Mwenyekiti alikuwa na duara kule mlimani," alisema mwishowe. Duara ni shimo la wachimba dhahabu, nalo lilichimbwa kwa siri, maana serikali haikuruhusu. "Nilikuwa napeleka asali kwa wachimbaji. Niliona ukuta wa duara umepasuka. Nikamwambia Maganga, watoe watu. Akasema mwamba wa dhahabu umeshaonekana, hawatoki. Ukuta ukaanguka. Walikuwa vijana wawili, afande. Tulikuwa tunawasikia. Akaamuru duara lifukiwe, serikali isijue."

"Walikuwa bado..."

"Tulikuwa tunawasikia."

Mageni hakuandika chochote.

"Nikakaa nalo, nikashindwa. Nikamwambia Maganga nitakwenda kusema. Wiki hiyo akawa rafiki yangu sana. Ijumaa niliwahi kilabuni kupeleka asali, nikamkuta peke yake, ameinama kwenye nafasi yangu, ameshika kopo langu. Nikamwuliza, Mwenyekiti, vipi? Akasema, waya wako umelegea, nakukazia. Nikamshukuru, afande. Nilimwambia asante! Halafu mkwe akaja, nikamwomba Otmar tubadilishane. Otmar hakuuliza hata kwa nini."

Alianza kulia bila sauti. Mageni aliangalia pembeni mpaka amalize.

"Utasema haya Shinyanga?"

"Nitasema. Ila karatasi sisaini hapa. Nikisaini hapa, jioni Maganga atakuwa ameisoma. Nikifika Shinyanga nitasaini hata kwa vidole vyote."

"Njoo ulale kituoni."

"Kituo kiko mkabala na nyumba ya Mwenyekiti. Nikionekana naingia, sitafika asubuhi. Nikikaa hapa, mimi ni maiti tu, hakuna mwenye haraka na maiti."

Kulikuwa na mantiki ndani yake, na Mageni aliichukia. Silaha aliyokuwa nayo ilikuwa bastola moja. Askari alikuwa mmoja, naye alikuwa na mtuhumiwa wa kulinda dhidi ya watu wenye marungu. Gari hakuwa nalo. Walikubaliana kwamba lori likishapakia pamba, Kamili angelipandia njia panda, nje ya kijiji.

Asubuhi, Mageni alikuwa akinywa uji kituoni pale Mwenyekiti Maganga alipokuja mwenyewe. Alikuwa mtu wa heshima, shati la kijani limepigwa pasi, redio ndogo kwapani.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Inspekta. Nimekuja na habari mbaya. Kijiji hiki kimeingiliwa. Ndugu Kamili ameteleza kwenye duara la zamani, kule bondeni. Vijana walioenda kuchota maji wameona ndara yake ukingoni. Tumeshamtoa."

Mageni aliweka uji chini.

"Mmeshamtoa. Nani aliwaambia mumguse?"

"Afande, ni binadamu. Tungemwacha?"

Alikwenda mbio. Ukingoni mwa shimo udongo ulikuwa umekanyagwa na nusu ya kijiji. Kisogo cha Kamili kilikuwa kimepasuka, na mganga wa zahanati alisema, akiangalia viatu vyake, kwamba mwamba unaweza kupasua hivyo. Mageni alikwenda nyumbani kwake. Nyuma ya mlango alikuta kifurushi kimefungwa vizuri, shati safi, sabuni na rozari. Mtu aliyefungasha safari yake anafuata nini kwenye shimo kuukuu? Alijua jibu. Alilijua kama anavyojua jina lake, na hapakuwa na mtu mmoja Runzewe wa kumsaidia kulisema. Aliwahoji majirani. Hawakusikia kitu. Aliwahoji wachota maji. Waliona ndara tu. Waliongeza, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba lilikuwa jambo la kutarajiwa, nafasi yake si ilikwisha kuzikwa?

Kwenye redio, mkubwa wake alisikiliza mpaka mwisho.

"Una aliyeona?"

"Hapana, mzee."

"Basi ni ajali. Panda lori."

Wakati anatoka kituoni ndipo aliposikia msumeno.

Kilabuni, wana-benchi waliobaki walikuwa wamesimama, kofia mikononi. Maganga alikuwa miongoni mwao, ameinamisha kichwa. Fundi Ansgar alikuwa amepiga goti kule ukutani, anakata. Unga wa mninga ulikuwa ukianguka juu ya alama ya ngoma.

"Hicho ni kipande cha Otmar," alisema Mageni.

"Otmar amelala na cha Kamili," Ansgar alijibu bila kuinua macho. "Na Kamili tumlaze na nini?"

Alilitamka waziwazi, mbele ya wote. Mageni alishika neno hilo kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo walibadilishana! Otmar alikalia nafasi ya Kamili. Fundi, utayasema hayo mbele ya hakimu? Yupi kati yenu atasema? Kuna mama anakwenda kunyongwa!"

Msumeno ulisimama. Ansgar alimtazama Mageni, kisha akamtazama Maganga. Maganga aliinama tu, akashika ncha ya ubao kwa mkono wake, akaushikilia vizuri ili fundi asipate taabu.

"Kusema nini, afande?" alisema Ansgar, akaendelea kukata.

Mageni angeweza kumpiga. Angeweza kuwakamata wote, akawafunga kwa waya wa makopo yao, halafu awapeleke Shinyanga kwa miguu. Alivaa kofia yake akaondoka.

Lori lilikuwa limeshapakia. Juu ya magunia ya pamba, Generosa alikuwa amekaa na pingu, kanga kichwani, Limi amesimama chini akimshika mguu. Generosa alikuwa amesogea kando na kusawazisha magunia kwa viganja, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na pale alipojua Inspekta atakaa.

"Nausikia msumeno," Generosa alimwambia Mageni alipopanda. "Ni wa nani tena, afande?"

"Kamili."

Generosa alimtazama usoni, naye Mageni alishindwa kuyahamisha macho yake.

"Ndiye uliyeniambia?"

"Ndiye, Mama Limi."

Alitikisa kichwa polepole, mara moja. Kisha aliinama upande wa binti yake.

"Limi, mwanangu. Mtungi ule uvunje. Usiwapikie tena."

Dereva aliwasha injini. Koplo Zipora alipandisha furushi la nguo za mtuhumiwa, akatafuta pa kuliweka, akaliweka kwenye ile nafasi iliyokuwa wazi.